Gitaa la umeme ulilolingoja miaka: jinsi ya kulinganisha kabla hujalipa

Subira huvuta heri, lakini siku heri inapobisha hodi subira huwa imeshachoka. Mimi nilidunduliza karibu miaka minne kwa ajili ya gitaa langu la kwanza la umeme. Picha yake nilikuwa nimeikariri hadi rangi ya vitufe, na nilipoingia dukani sikuuliza hata swali moja la maana. Lilikuwa jekundu, lilimeremeta, nikalipa. Wiki ya pili nikaanza kusikia nyuzi nyembamba zikikoroma kila nikipanda juu ya freti ya 10 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), ilhali zile nene hazikuwa na neno. Fundi alilipokea, akafumba jicho moja, akalitazama kwa urefu kama seremala anavyotazama ubao, akanirudishia.

"Shingo imejisokota," akasema. "Hii hata mimi siiwezi."

Aina niliyoichagua haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kununua kwa macho na kwa hamu. Tangu siku ile nimenunua mengine matatu na kuwasindikiza marafiki kadhaa, na utaratibu wangu umekuwa mmoja: mkono uamue kwanza, sikio lifuate, macho yaje mwisho kabisa. Hatua zenyewe ni hizi.

Hatua ya 1: Andika unachopiga, halafu uikate bajeti

Kabla hujasoma sifa za gitaa lolote, chukua karatasi uandike unachopiga sasa, au utakachopiga mwezi ujao. Usiandike utakachopiga ukishakuwa bingwa. Mpiga solo anayetaka sauti safi inayolia kama kengele juu ya wenzake hahitaji kitu kilekile anachohitaji mtu wa roki nzito. Mpiga ridhimu anataka kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zisikike uzi kwa uzi, zisijikusanye tope. Mtu wa bluzi anavuta nyuzi mpaka zilie, kwa hiyo shingo itamhusu kuliko kitu kingine chochote. Anayepiga kila kitu naye aandike hivyo, maana kuna magitaa ya watu wa namna hiyo.

Kisha chukua fedha zote ulizonazo, utoe theluthi moja na uiweke kando. Hiyo ni ya amplifaya, kebo, mkanda, tyuna (kipima tuni), begi, seti mbili za nyuzi na malipo ya fundi atakayeliseti, yaani kurekebisha shingo na urefu wa nyuzi. Gitaa la umeme lisilo na amplifaya ni ubao wenye nyuzi, na gitaa la wastani kwenye amplifaya nzuri humwaibisha la kifahari lililochomekwa kwenye spika inayokwaruza. Kama amplifaya unayo tayari na unaipenda, una bahati: fedha zote ni za gitaa, toa tu za kuliseti.

Hatua ya 2: Zijue tofauti nne zenye uzito

Ukifungua ukurasa wa maelezo ya kiwanda utakuta mistari thelathini. Mingi ni mapambo. Mimi nasoma minne.

Wa kwanza ni pikapu, na sisemi gari. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya ule, na ndio unaosafiri hadi kwenye amplifaya. Pikapu ya koili moja hutoa sauti ya wazi na kali, na kila uzi husikika peke yake. Ubaya wake ni kwamba hudaka pia mvumo wa umeme wa nyumbani, wa taa na wa transfoma. Simama karibu na amplifaya ukiwa na gitaa la koili moja, geuka taratibu, utausikia mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka.

Dawa ya mvumo huo ni hambaka. Hizo ni koili mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, moja imeunganishwa kinyume cha nyingine na ncha za sumaku zake zimegeuzwa. Mvumo unaoingia koili ya kwanza hufutwa na ule wa koili ya pili, lakini sauti ya nyuzi hujumlishwa. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955, na kuanzia 1957 ikaanza kufungwa kwenye magitaa yao. Sauti yake ni nene na ina nguvu, na amplifaya huanza kunguruma mapema. Katikati ya hizo mbili kuna pikapu iitwayo P-90, ya koili moja lakini pana, yenye unene kiasi na ukali kiasi. Nina udhaifu nayo, kwa hiyo usinisikilize sana nikiisifu.

Kwenye maelezo, S ni koili moja na H ni hambaka. Ukiona HSS, jua kuna hambaka upande wa daraja (chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) na pikapu mbili za koili moja zinazofuata kuelekea shingoni. Huo ndio mpangilio wa yule aliyeandika kwamba anapiga kila kitu, hasa kama kuna kitufe cha kuzima koili moja ya hambaka.

Mstari wa pili ni urefu wa uzi unaopigika, kutoka kijimfupa cha juu ya shingo hadi kwenye daraja. Magitaa ya asili ya Fender yana milimita 648, ya Gibson karibu milimita 628, ya PRS mengi yana 635. Milimita 20 zinaonekana si kitu mpaka uvute uzi. Kwa nyuzi za unene uleule na tuni ileile, gitaa refu lina nyuzi zilizokaza zaidi na freti zilizoachana zaidi. Kwenye gitaa fupi nyuzi ni laini na vidole vinafika mbali kwa urahisi. Mwenye viganja vidogo asiache kujaribu fupi.

Wa tatu ni daraja lenyewe. Lisilotikisika halina shida, unabadilisha nyuzi na kuendelea na maisha. Lenye mkono wa tremolo hukuwezesha kuipepesua sauti, lakini huomba uangalizi zaidi wa tuni. Aina ya Floyd Rose hubana nyuzi kwa skrubu ncha zote mbili, na ikisetiwa vizuri hata uinyanyase vipi tuni haihami. Ila kubadilisha nyuzi zake kutakula jioni nzima mara za mwanzo, na ukitaka kushusha tuni ya uzi mmoja tu, nyingine zote zinahama. Kwa gitaa la kwanza nashauri daraja lisilotikisika. Nimeona watu wengi wakiukunja mkono wa tremolo ndani ya begi na kuusahau.

Wa nne ni shingo: upana wake juu, unene wake nyuma, na mviringo wa ubao wa vidole. Mviringo hupimwa kwa nusu kipenyo. Magitaa ya zamani ya Fender yana milimita 184, yaani ubao umejikunja sana na kodi hukaa mkononi vizuri. Mengi yao ya sasa yana 241. Gibson ni karibu 305, na yale ya kasi, kama mengi ya Ibanez, hufika 400 na zaidi, ubao ukiwa karibu bapa. Kwenye ubao uliojikunja, ukivuta uzi mwembamba kwa nguvu sauti inaweza kukatika ghafla kwa sababu uzi umegusa freti za mbele. Kwenye ubao bapa hilo si rahisi kutokea.

Na mbao je? Watu hugombana kuhusu mbao za mwili usiku kucha. Kwa gitaa la mwili mzima lisilo na tundu, mimi husikia kwanza pikapu, nyuzi, amplifaya na mkono wa mpigaji, na mbao huzikumbuka ninapolivaa begani. Kuna jambo moja tu la kukusaidia kusoma maelezo. Mti wa rosewood unaotumika sana kwenye ubao wa vidole ni wa ukoo mmoja na mpingo, jamii ya Dalbergia. Mwanzoni mwa 2017 jamii yote ile iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa chini ya CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, na baadhi ya viwanda vikahamia mbao nyingine kama pau ferro. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Ndiyo maana gitaa la jina lilelile linaweza kuwa na ubao tofauti kulingana na mwaka wake. Hiyo si dalili kwamba ni bandia.

Hatua ya 3: Bakiza magitaa matatu

Orodha ya kumi haina maana, utachanganyikiwa. Wachache wanaostahili kujulikana:

Telecaster ya Fender, iliyopata jina hilo mwaka 1951, ina pikapu mbili, daraja lisilotikisika na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Sauti ya pikapu ya nyuma, ya darajani, ni kali ya kukata. Haina mengi ya kuharibika, na kwa mpiga ridhimu sijui kama kuna kitu cha kuaminika zaidi.

Stratocaster, ya 1954, ina pikapu tatu, tremolo, na mwili uliochongwa ili usikuchome mbavuni. Swichi yake ya kwanza ya kuchagua pikapu ilikuwa na nafasi tatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba wakiitega katikati ya nafasi mbili wanapata sauti tamu yenye pua, wakawa wanaitega hivyohivyo kwa mkono hadi kiwanda kilipokubali na kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977. Mpiga solo wa sauti safi aanzie hapa.

Les Paul ya Gibson, ya 1952, ni nene, nzito na fupi ya uzi. Sauti yake hukaa muda mrefu kabla haijafifia. Nyingi zina kilo 4 au zaidi. Ndugu yake SG wa 1961 ni mwembamba na mwepesi, lakini ana tabia ya kuinamisha kichwa: ukiachia mkono wa kushoto, shingo inashuka. ES-335 ya 1958 ina uwazi mbavuni na gogo katikati, nzuri kwa jazi na bluzi, ila ukiongeza sauti sana karibu na amplifaya huanza kupiga mluzi.

Kwa wenye mfuko wa kawaida, Squier ni ya Fender na Epiphone ni ya Gibson, maumbo yaleyale kwa bei ya chini. Pacifica ya Yamaha ni HSS isiyo na makeke, na nimeipendekeza mara nyingi kuliko gitaa lolote. RG ya Ibanez ni ya wenye vidole vya mbio. Anayetumia mkono wa kushoto ajue chaguo zake dukani ni chache, aulize mapema. Jimi Hendrix aligeuza Stratocaster ya mkono wa kulia na kuifunga nyuzi upya, lakini simshauri anayeanza kufanya hivyo, vitufe vyote vinahamia chini ya kiwiko.

Chagua matatu. Mawili yanayofanana na karatasi yako ya hatua ya 1, na moja usilolitarajia kabisa. Hilo la tatu limewahi kushinda mara mbili mbele ya macho yangu.

Hatua ya 4: Dukani, usichomeke kitu kwanza

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi tunaporuka. Muuzaji atataka kukuchomekea gitaa mara moja kwa sababu sauti kubwa huuza. Mwambie kwa adabu asubiri.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Fumba macho. Pitisha kiganja cha kushoto kando ya shingo, chini hadi juu, kisha upande wa pili. Ncha za freti zisikukwaruze. Zikiwa zimetokeza utazisikia kama meno ya kitana, na baada ya saa moja ya mazoezi utazisikia zaidi. Sasa shika kodi unayoijua kuliko zote, ile unayoishika bila kufikiri. Kidole gumba kimekaa wapi? Kifundo cha mkono kimejikunja? Mkono unajua mapema kuliko akili. Ukijikuta unajieleza kwamba "nitazoea", weka alama kwenye karatasi. Watu huzoea kweli, lakini si lazima ulipie kitu cha kuzoea.

Simama, vaa mkanda, kaa nalo begani dakika kumi. Dakika kumi za saa, si za kukisia. Kilo 4 na kilo 3 na nusu zinafanana dakika ya kwanza. Ya nane hazifanani.

Halafu fumba jicho moja. Egemeza mwili wa gitaa kiunoni, kichwa chake kikielekea mbali nawe, na utazame kwa urefu wa shingo toka mwilini. Freti zote zionekane kama ngazi za mistari sambamba. Freti za juu zikielekea kushoto na za chini kulia, kama kitambaa kinachokamuliwa, hilo ndilo lililonipata mimi. Rudisha gitaa lile ukutani, hata kama ndilo uliloliota.

Kujipinda kidogo kwa mbele, kama upinde, si ugonjwa. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono mwingine, kisha angalia pengo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Lazima pawe na pengo dogo, kiasi cha robo ya milimita. Hakuna pengo kabisa, nyuzi zitakoroma karibu na kichwa. Pengo likiwa kubwa, nyuzi ziko juu mno katikati. Yote mawili hurekebishwa kwa chuma kilicho ndani ya shingo, kazi ya dakika chache kwa fundi. Wewe mwenyewe usikizungushe dukani.

Pima pia urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12. Milimita 2 kwa uzi mnene na moja na nusu kwa uzi mwembamba ni mwanzo mzuri. Usilikatae gitaa kwa sababu nyuzi ziko juu, hiyo ni seti tu.

Sasa piga kila uzi kwenye kila freti. Ndiyo, kila freti. Gitaa la freti 22 lina noti 132, na ukienda kwa mwendo wa kawaida utamaliza ndani ya dakika tano. Unasikiliza noti iliyokufa, ile inayotoka "tup" na kuzimika wakati jirani zake zinaendelea kulia. Kwenye uzi mwembamba zaidi, freti ya 14 hadi ya 17, vuta uzi mpaka upande toni nzima, yaani sauti ya freti mbili mbele. Ukikatika katikati ya kilio, kumbuka ni freti ipi na umwonyeshe muuzaji.

Jambo la mwisho bila umeme: sikiliza gitaa likiwa kimya hivyo, sikio ukiliegemeza kwenye pembe ya juu ya mwili. Piga kodi moja, uhesabu. Gitaa linaloishi hutetemeka hadi mbavuni.

Hatua ya 5: Chomeka, kwa haki

Kulinganisha magitaa mawili kwenye amplifaya mbili tofauti ni kulinganisha amplifaya. Omba moja, ikiwezekana inayofanana na uliyonayo au utakayonunua, na tumia kebo moja kwa yote matatu. Vitufe vyote vya besi, kati na treble viwe katikati. Mwangwi uzimwe. Mngurumo, ile sauti nzito ya roki inayokwaruza, uzimwe. Anza na sauti safi, kwa sababu mngurumo huficha madhambi.

Kuna mtego mmoja ambao nimewahi kuangukia mara nyingi. Gitaa lenye hambaka hutoa sauti kubwa kuliko la koili moja kwenye mpangilio uleule, na sikio la binadamu hudhani kikubwa ni kizuri. Kila ukibadilisha gitaa, rekebisha volumu ya amplifaya mpaka yasikike sawa, kisha ndipo uhukumu. Angalia pia nyuzi. Kama moja lina nyuzi mpya na lingine lina nyuzi zilizopata kutu kwa vidole vya wateja, lile la nyuzi kuukuu litasikika limefubaa bila kosa lake. Unene nao uulize. Fender kwa kawaida hutoka kiwandani na seti ya 9, Gibson na ya 10 (namba ni unene wa uzi mwembamba zaidi kwa elfu za inchi), na tofauti hiyo peke yake inaweza kukufanya udhani shingo moja ni laini kuliko nyingine.

Piga kitu kilekile kwenye yote matatu: kodi nne, mstari mmoja wa solo, na kipande kimoja unachokipiga vibaya. Cha vibaya ndicho kinachosema ukweli, gitaa linalokufaa hukipunguzia ugumu. Pitia kila nafasi ya swichi. Zungusha kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza ukwaruzaji. Shusha volumu ya gitaa hadi nusu uone kama sauti inabaki hai au inageuka blanketi. Tikisa jeki, ile ncha ya kebo, kwenye tundu lake taratibu, isikatike.

Baada ya hapo weka mngurumo. Simama mita moja kutoka kwenye amplifaya, zuia nyuzi kwa kiganja, usikilize kinachobaki. Koili moja zitavuma, hiyo ni asili yake. Mvumo ukipungua sana unapogusa nyuzi au daraja, waya wa ardhi unafanya kazi. Ukiongezeka unapogusa, kuna waya umeunganishwa vibaya.

Mwisho mpe rafiki magitaa akukabidhi moja moja ukiwa umefumba macho, ukutani usione chochote. Rekodi kila moja kwa simu iliyowekwa mahali pamoja. Simu haichukui besi vizuri, lakini inawanyima wote watatu kwa usawa.

Hatua ya 6: Tenga kinachotibika na kisichotibika

Ukishapenda gitaa, kasoro zake utaanza kuzitetea. Kwa hiyo amua kabla.

Vinavyotibika kwa fundi na muda mfupi: nyuzi zilizo juu au chini, shingo iliyopinda kama upinde, vitufe vinavyokwaruza, tundu la jeki lililolegea, ncha za freti zilizotokeza. Tuni isiyolingana pia imo humu. Piga uzi wazi kwenye tyuna, kisha uubonyeze freti ya 12. Ikisoma juu au chini, kitako cha uzi kwenye daraja husogezwa nyuma au mbele. Hakikisha tu kitako kina nafasi ya kusogea, kisiwe kimeshafika mwisho wa skrubu.

Tuni inayohama ukivuta uzi mara nyingi si kosa la vigingi vya kukazia nyuzi. Sikiliza unapokaza uzi. Ukisikia "tinki" ndogo, uzi unanasa kwenye mfereji wa kijimfupa cha juu. Risasi ya penseli ikipakwa mferejini huondoa tatizo, nimeokoa magitaa mawili kwa penseli.

Visivyotibika, au vinavyogharimu kuliko thamani: shingo iliyojisokota, freti zilizolika hadi kuwa na mabonde, ufa nyuma ya kichwa, uzito, na umbo la shingo lisiloupenda mkono wako. Kichwa cha Gibson na wenzake kimeinamishwa nyuma, na gitaa likianguka kifudifudi au chali pale ndipo huvunjikia. Pitisha ukucha pale. Mstari unaousikia kwa ukucha lakini huuoni kwa jicho mara nyingi ni ukarabati uliopakwa rangi juu. Ukarabati mzuri hudumu miaka, ila bei iwe ya gitaa lililovunjika.

Hatua ya 7: Toka nje

Acha namba ya simu, waulize wanaweza kukushikia kwa muda gani, nenda. Najua. Umengoja miaka, fedha zimo mfukoni, na gitaa liko pale. Ndiyo maana nasema toka.

Kesho yake asubuhi, kabla hujala wala kushika simu kwa jambo lingine, sikiliza rekodi zako bila kuangalia ipi ni ipi. Andika namba ya unayoipenda. Kisha fungua karatasi ya alama za mkono. Zikikubaliana, kazi imekwisha. Zikigombana, mimi hufuata mkono, kwa sababu sauti hubadilishwa kwa pikapu mpya na amplifaya, shingo si rahisi kubadilishwa.

Hatua ya 8: Kama linanunuliwa mbali au limetumika

La mbali, usilipe kabla hujasoma masharti ya kurudisha, nani analipia usafiri na ndani ya siku ngapi. Omba picha ya gitaa lenyewe, si ya katalogi, na uzito wake kwa kilo. Sanduku likifika kutoka kwenye baridi au joto kali, liache limefungwa saa kadhaa lipate hali ya chumba, vinginevyo rangi inaweza kupata nyufa ndogondogo. Halafu fanya hatua ya 4 yote, mezani kwako, siku hiyohiyo.

Lililotumika, omba kuona namba ya utambulisho na ulinganishe na mwaka anaoutaja muuzaji. Uliza kilichobadilishwa. Pikapu mpya si tatizo, ila zile za asili anazo? Likiwa na freti nzuri na shingo iliyonyooka, mikwaruzo ya mwilini ni punguzo la bure.

Hatua ya 9: Wiki za kwanza

Funga nyuzi mpya za unene utakaoutumia, kisha mpelekee fundi akaliseti kwa unene huo huo. Usilipeleke siku ya kwanza. Shingo iliyohama nyumba hujisogeza kidogo, lipe wiki mbili. Lifute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Fundi akikurudishia, chukua rula upime: urefu wa uzi mnene na mwembamba juu ya freti ya 12, pengo la freti ya 7, unene wa nyuzi, tarehe. Yaandike kwenye kikaratasi ukitie kwenye mfuko wa begi. Siku gitaa litakapoanza kukusumbua, pengine miezi sita mbele, utapima tena na kumwambia fundi kilichosogea kwa milimita, badala ya kumwambia kama nilivyosema mimi mara ya kwanza, kwamba "linakoroma tu, sijui kwa nini".